API 20E kwa bakteria wa samaki: nunueni, ila msilipokee jina harakaharaka

Wenzangu wanaoanzisha maabara ndogo za afya ya samaki huniuliza swali lilelile kila mara: tununue API 20E, ule ukanda wa vipimo vya kutambua bakteria, au tusinunue? Jibu langu ni nunueni. Nimeutumia ukanda huu miaka mingi kwa bakteria waliotoka kwenye figo za sato, kambare, trauti na samaki wa baharini, na bado upo kwenye jokofu langu. Lakini anayeununua kwa ajili ya wanyama wa majini ajue tangu mwanzo kwamba hakutengenezewa yeye. bioMérieux, watengenezaji wake, wanasema wazi kwenye karatasi yao ya maelezo kwamba ni wa bakteria wa jamii ya Enterobakteria na vijiti vingine vya Gram hasi (visivyoshika rangi ya zambarau ya Gram) visivyo na masharti magumu ya ukuaji, na joto wanaloagiza ni nyuzi 36. Hilo ni joto la mwili wa binadamu. Trauti haishi humo.

Kwa ambaye hajauona: ni ukanda wa plastiki wenye vishimo 20, kila kimoja na chakula chake kilichokaushwa. Kuna sukari, kuna amino asidi, kuna urea, sitreti na jelatini. Unachukua koloni moja iliyojitenga vizuri kwenye sahani ya aga, unaivuruga katika maji tasa, unajaza vishimo kwa pipeti, unafunika vitano kwa mafuta ya madini ili hewa isiingie, kisha unaulaza ukanda kwenye boksi lake lenye maji kidogo chini ili usikauke. Baadaye unasoma rangi. Sukari ikitumiwa, bluu inageuka manjano. Lisini na onithini zikivunjwa, manjano inakuwa nyekundu. Hidrojeni salfaidi ikitoka, kinatokea cheusi chini ya kishimo. Vipimo vitatu, yaani TDA (kuvunjwa kwa triptofani), indoli na VP (Voges-Proskauer), hungoja hadi mwisho uvidondoshee vitendanishi.

Ninachokipenda zaidi ni hesabu yake. Vipimo vinagawanywa vitatuvitatu, na cha kwanza kikiwa chanya kinapata 1, cha pili 2, cha tatu 4. Unajumlisha kila kundi, ukiweka oksidesi, kipimo cha kimeng'enya kinachofanywa nje ya ukanda, kama cha 21, unapata namba ya tarakimu saba. Chukua Edwardsiella tarda wa kawaida: lisini chanya, onithini chanya, salfaidi nyeusi, indoli ya waridi, glukosi chanya, mengine yote hasi. Inatoka 4544000. Ndugu yake Edwardsiella ictaluri, anayewaua kambare na pangasi na kuacha vidoadoa vyeupe kwenye ini, wengu na figo, kwa kawaida hutoa 4004000, kwa kuwa hana salfaidi wala indoli, na onithini yake nayo husomeka hasi. Mtu aliyefundishwa vizuri anaziona tofauti hizo kwa macho kabla hajafungua kompyuta. Hapo ukanda huu unafundisha. Kijana anayejifunza nami huelewa zaidi bakteria anakula nini na anatoa nini kwa kusoma kanda chache kuliko kwa kukariri jedwali.

Shida inaanza unapoiingiza hiyo namba kwenye hifadhidata na kungoja jina. Hifadhidata inalinganisha na bakteria inaowajua, na wengi wao ni wa hospitalini. Photobacterium damselae wa kundi la piscicida, ambaye zamani aliitwa Pasteurella piscicida na anayeleta uvimbe mdogo mweupe kwenye wengu wa samaki wa baharini wanaofugwa, ana namba inayojulikana sana kwa watu wa fani yetu: 2005004. Aginini, VP, glukosi, oksidesi, basi. Ukitegemea mashine peke yake utaletewa jina la mwingine, maana huyu hakuwekwa humo. Yersinia ruckeri, wa ugonjwa wa mdomo mwekundu kwa trauti, amekuwa akichanganywa na Hafnia alvei kwenye mfumo huu, na jambo hilo limeandikwa miaka mingi. Tofauti ni kubwa kwa mfugaji: kwa Yersinia ruckeri kuna chanjo na kuna hatua za kuchukua haraka, lakini ukimwambia ana Hafnia anaweza kudhani ni uchafu tu wa matumbo.

Kwa hiyo kwangu namba ni muhimu kuliko jina. Naiandika namba kwenye daftari, naandika na asilimia ya uhakika iliyotolewa, kisha naipeleka kwenye orodha ya namba za bakteria wa samaki zilizochapishwa na watafiti wetu. Ripoti inayosema "Hafnia alvei, asilimia 99" bila kuonyesha namba, bila kusema joto la uoteshaji wala kiungo kilichochukuliwa, mimi siisomi hadi mwisho.

Na hata jina likikubaliana na orodha zetu, lina mwisho wake. Bakteria wengi waliotolewa kwa samaki na kuitwa Edwardsiella tarda walikuja kutenganishwa baada ya vinasaba vyao kuchunguzwa: Edwardsiella piscicida akapewa jina lake mwaka 2013, Edwardsiella anguillarum akafuata 2015. Kwenye ukanda hawa wanafanana mno. Aeromonas wenye mwendo nao ni hivyohivyo. Ukanda utasema hydrophila au kundi lake, ila kumtenga hydrophila na veronii kwa uhakika kunahitaji kusoma jeni kama gyrB au rpoD. Mimi huandika "Aeromonas wenye mwendo" na kusimama hapo. Kuna wenzangu wanaoona hilo ni udhaifu wa ripoti. Naona ni heshima kwa mfugaji.

Joto ndilo ninalotaka tukae nalo kidogo, maana hapo ndipo majibu mengi mabaya yanapozaliwa. Aeromonas salmonicida wa kawaida, wa furunkulosisi (ugonjwa wa majipu ya samaki), hasitawi kwenye nyuzi 37. Ukimpika humo utapata ukanda uliolala, vishimo vingi hasi, na namba isiyo na maana. Yersinia ruckeri hubadilisha VP na mwendo wake kulingana na joto. Kwa hiyo kwa samaki wa maji baridi naotesha ukanda kwenye nyuzi 22 hadi 25, na kwa wa maji ya joto kwenye 28 hivi. Bakteria kwenye joto hilo hufanya kazi polepole, basi nasoma baada ya saa 24 na tena baada ya saa 48.

Saa 48 zina mtego wake. Karatasi ya maelezo inaonya kwamba rangi ya machungwa kwenye lisini na onithini baada ya saa 36 hadi 48 ihesabiwe hasi. Mtu aliyezoea kusoma saa 24 anaiona ile machungwa na kuandika chanya, na tarakimu mbili za kwanza zinaharibika papo hapo. VP nayo: waridi hafifu baada ya dakika 10 ni hasi. Sitreti isomwe kwenye mdomo wa kishimo, penye hewa, wala si chini. Haya ni mambo madogo, lakini tarakimu moja ikikosewa unahamia bakteria mwingine kabisa. Nasomea mbele ya karatasi nyeupe, kwenye mwanga wa dirisha, na ninamwita mtu wa pili asome bila kuona nilichoandika. Tukitofautiana tunarudia ukanda.

Chumvi pia. Vibrio na Photobacterium wa baharini hawatulii kwenye maji matupu. Maji ya chumvi ya asilimia 0.85 yanaweza kuwatosha baadhi, lakini kwa wengi wa baharini natumia 1.5 hadi 2. Ukisoma ukanda wa Vibrio uliojazwa kwa maji yaliyosafishwa tu, unasoma njaa ya bakteria badala ya tabia yake. Na ukibadilisha chumvi au joto, andika. Namba iliyopatikana kwa masharti mengine hailinganishwi na ya kwenye kitabu kana kwamba ni kitu kimoja.

Sasa niseme juu ya kinachotokea kabla ukanda haujafunguliwa, kwa sababu hakuna ukanda utakaorekebisha samaki mbaya. Ninataka samaki anayeumwa, aliye hai, anayeogelea akiyumba au aliyejitenga ukingoni. Samaki aliyekufa tangu asubuhi kwenye maji ya joto ameshavamiwa na bakteria wa matumbo yake na wa bwawa, na wote wataota vizuri sana kwenye sahani. Nafungua kwa vifaa vilivyochomwa, naingia kwenye figo la mbele kwa kitanzi tasa, na kwenye wengu. Samaki akiwa amevimba macho au anazunguka kama pia, nachukua na ubongo. Kidonda cha ngozi nakipaka kwenye kioo na kukitazama kwa hadubini, ila sikiamini peke yake kama chanzo cha koloni.

Hapa nina maneno kwa wanaoandika "Aeromonas hydrophila" kwenye kila ripoti. Aeromonas wapo kwenye maji ya kila bwawa la maji baridi. Wapo kwenye utelezi wa ngozi ya samaki mzima kabisa. Ukichukua swabu ya kidonda, ukaotesha, ukachukua koloni kubwa kuliko zote na kuiweka kwenye API 20E, utapata jina sahihi la bakteria ambaye huenda hakuua samaki hata mmoja. Ukanda haujui koloni ilitoka wapi. Haujui kama ilikuwa moja kati ya aina nane zilizoota au kama sahani nzima ilikuwa ya aina moja, safi, kutoka kwenye figo za samaki kadhaa tofauti. Taarifa hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Na hata hapo nauliza oksijeni ya alfajiri ilikuwa ngapi, amonia ikoje, samaki walishikwa na kupangwa kwa ukubwa lini, na kama matamvua yana vimelea. Mara nyingi Aeromonas anaingia kupitia mlango uliofunguliwa na kitu kingine, na mfugaji akimwaga dawa huku mlango ukiwa wazi, vifo vinarudi.

Usafi wa koloni ni wajibu wa mtumiaji. Ukanda uliojazwa bakteria wawili utatoa namba nzuri tu ya kiumbe asiyekuwepo duniani. Kila ninapojaza ukanda, tone la maji yaleyale nalipaka kwenye sahani mpya, na sahani hiyo ikionyesha aina mbili kesho yake, ukanda unatupwa bila mjadala. Oksidesi nayo ifanywe kutoka kwenye aga ya kawaida, isiwe ya kuchagua kama MacConkey au TCBS, na kwa kitanzi cha plastiki au kijiti cha mbao, maana waya wa nikeli na kromu unaweza kuleta chanya ya uongo. Kipimo hicho cha sekunde chache ndicho kinachotenganisha Aeromonas na Vibrio upande mmoja, Edwardsiella na Yersinia upande wa pili. Kikikosewa, yanayofuata yote yamepotea njia. Jua pia kwamba kitendanishi chake hununuliwa kando.

Halafu kuna wale ambao ukanda huu hauwahusu kabisa, na hapa ndipo naona pesa zikipotea. Rangi ya Gram ifanywe kwanza, daima. Ukikuta duara za zambarau zilizopangana kwa mnyororo kutoka kwenye ubongo wa sato, weka API 20E chini. Hao ni wa upande wa Streptococcus agalactiae, Streptococcus iniae au Lactococcus garvieae, na wana ukanda wao tofauti, ambao nao haukutengenezwa ukimfikiria iniae. Vijiti virefu vyembamba vinavyoteleza na kujikusanya kama vichuguu kwenye ukingo wa kipande cha tamvua ni Flavobacterium columnare. Huyo anataka aga yenye lishe kidogo, na kwenye vishimo vya ukanda hafanyi karibu lolote. Francisella anataka sisteini na damu. Renibacterium salmoninarum anataka aga yenye sisteini, nyuzi 15, na wiki kadhaa za subira. Mikobakteria wanaonekana kwa Ziehl-Neelsen, upakaji rangi wao maalumu, kwenye uvimbe wa wengu na figo. Sahani tupu ya aga ya kawaida haimaanishi samaki hana bakteria. Nimewahi kusikia sentensi hiyo ikisemwa kwa mfugaji ambaye samaki wake walikuwa wanakufa, na iliniuma.

Kwa kamba wa kufugwa mpaka wa ukanda unaonekana wazi zaidi. Ugonjwa wa nekrosisi kali ya hepatopankreasi (kufa kwa tezi ya kamba ya kusaga chakula), unaoua kamba wachanga ndani ya wiki chache baada ya kupandikizwa bwawani, mwaka 2013 ulithibitishwa kuletwa na Vibrio parahaemolyticus, na baadaye ikaonekana kwamba anayeuleta amebeba plasmidi, yaani kipande cha ziada cha DNA, yenye jeni za sumu PirA na PirB. API 20E inaweza kukuambia kwamba ni parahaemolyticus. Haiwezi kukuambia kama ana ile plasmidi. Parahaemolyticus asiye na sumu yupo tele kwenye maji ya pwani, na tangu hapo sumu hiyo imepatikana pia kwa Vibrio wa spishi nyingine. Kwa hiyo jina sahihi la spishi laweza kumtisha mfugaji bure, na jina jingine laweza kumtuliza bure. Hapo ni PCR, kipimo cha kutafuta vinasaba, ya jeni za sumu pamoja na kutazama hepatopankreasi iliyopauka na kusinyaa, kwa macho na kwa histolojia, yaani vipande vyembamba chini ya hadubini. Kwa ugonjwa huu siufungui ukanda, napeleka sampuli moja kwa moja.

Watu wengine wanadhani ukishapata jina umepata na dawa. La. API 20E haipimi usugu. Unahitaji diski za antibiotiki kwenye aga ya Mueller-Hinton, na kwa bakteria wa majini kuna miongozo yao ya CLSI, taasisi inayoweka viwango vya maabara, inayotumia nyuzi 22 au 28, kwa sababu vipenyo vya duara tupu kuzunguka diski vilivyosomwa kwenye 35 haviwahusu bakteria wanaoota kwenye baridi. Natamani watengenezaji wa vifaa wangeuza ukanda na diski kama kazi moja kwa watu wa samaki. Hawafanyi hivyo, basi kazi hiyo tuifanye sisi: siku ileile ninayojaza ukanda, naweka na diski kutoka kwenye koloni ileile. Mfugaji akipata jina leo na usugu wiki ijayo, katikati hapo ataweka dawa aliyonayo.

Nikiulinganisha na njia nyingine: mirija ya kizamani, kipimo kimoja kimoja, ina uhuru mkubwa zaidi, kwa sababu unapanga chumvi na joto utakavyo, lakini inahitaji mtu wa kutengeneza midia kila wiki na maabara ndogo nyingi hazina mtu huyo. MALDI-TOF, mashine inayotambua bakteria kwa uzito wa protini zao, inatoa jibu kwa dakika chache na ni nzuri mno pale hifadhidata yake ilipoongezewa bakteria wa samaki. Pasipoongezewa, ina kasoro ileile ya ukanda, ila kwa kasi. PCR inajibu swali ulilouliza tu, kwa hiyo lazima ujue cha kuuliza. API 20E imekaa katikati. Haihitaji mashine, inakaa kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 8, na inampa mtu mwenye sahani, hadubini na inkubeta mahali pa kuanzia pa kweli. Mwenye maabara ya shamba anayekutana zaidi na Edwardsiella, Yersinia, Aeromonas na Vibrio ataifurahia. Mwenye mabwawa ya sato ambaye msiba wake mkubwa ni streptokoki, pesa hiyo ainunulie aga ya damu na ukanda wa upande ule.

Ukiununua, angalia tarehe ya mwisho kabla hujapokea pakiti, na hakikisha vitendanishi vya TDA, indoli na VP vimekuja, kwa kuwa haviko ndani ya kila boksi. Jaribu pakiti mpya kwa bakteria unayemjua kabla ya kuikabidhi sampuli ya mtu. Zaidi ya yote, usiitupe koloni baada ya kupata namba. Igandishe kwenye gliseroli kwenye nyuzi hasi 80 kama unazo, uandike kiungo, spishi ya samaki, joto la maji na namba ya tarakimu saba kwenye kichupa. Vifo vikirudi shambani mwaka unaofuata, au jina likibadilishwa na watafiti, utakuwa naye yule bakteria mwenyewe wa kumpeleka akasomwe vinasaba.